Mke Wangu Nesi, Mimi Mpima Nyota

Yeye anazalisha usiku. Mimi asubuhi naenda kuwauliza akina mama walizalishwaje. Mtafiti wa sayansi ya jamii anayeishi Bariadi anatupa stori ya kazi yake, na ya ndoa yake.

Nikimwambia mtu mgeni kwamba kazi yangu ni kupima nyota, anacheka. Anafikiria zile za kurasa za nyuma za magazeti: wewe Nge mwezi huu utakutana na mpenzi, wewe Mizani chunga pochi yako. Hapana jamani. Nyota zangu ni za zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya. Zinaanzia sifuri zinaishia tano, na hakuna hata moja inayotabiri mapenzi. Ila ndani ya nyumba yangu zimeyatikisa mapenzi, tena si mara moja.

Mimi nimesoma sosholojia Mlimani, si udaktari. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila ninaposhuka kwenye bodaboda kijijini na begi mgongoni, wazee wananiita daktari. Nikieleza kwamba mimi ni mtafiti tu, yule mzee ambaye mguu unamuuma tangu masika ya mwaka jana ananitazama kama mtu anayemnyima dawa makusudi. Nimejifunza kuamkia, "Mwangaluka," kukaa kwenye kigoda, kuusikiliza mguu mpaka mwisho, ndipo nitoe dodoso langu.

Wenzangu wengi tuliomaliza nao chuo waliishia benki, kwenye ofisi za utumishi au kwenye mashirika ya Dar es Salaam. Mimi nilipata mkataba wa miezi mitatu Kanda ya Ziwa, wa kubeba madodoso na kuwahoji wagonjwa. Miezi mitatu ikazaa mingine sita, sita ikazaa mwaka, na mwaka 2016 nikajikuta nimepanga chumba na sebule Bariadi. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulikuwa bado mchanga, umeanzishwa 2012. Ofisi zilikuwa zinahama kutoka jengo hili kwenda lile, nyumba za kupanga zinagombewa, na kila afisa uliyekutana naye alikuwa na familia Shinyanga au Mwanza. Mji wa watu walioacha wapenzi wao mahali. Ukitaka kujua, nenda stendi Ijumaa jioni.

Huko huko kwenye usafiri ndiko nilikompata mwenzangu. Basi letu la kutoka Mwanza liliharibika Lamadi, pale pa kukata kona kuingia barabara ya Bariadi. Saa tatu nzima. Tukala sato wa kukaanga kwenye kibanda kimoja, tukabishana kuhusu nani anayemlipa fundi. Akaniambia yeye ni muuguzi, kapangiwa kituo cha afya Simiyu, ndiyo anaenda kuripoti. Nikamwambia mimi napima ubora wa huduma. Akaacha kutafuna. "Kwa hiyo wewe ndio mnaokuja na makaratasi kutuangalia kama tumefagia?"

Ndiyo, mimi ndiye.

NYOTA HIZI ZILITOKA WAPI

Kwa asiyejua: chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali iliamua mwaka 2015 kuvipima vituo vyote vya ngazi ya msingi nchini na kuvipa nyota, kama wanavyofanya kwenye hoteli. Timu zilizunguka karibu vituo 7,000, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Waliangalia uongozi, majengo, usafi na kinga ya maambukizi, dawa, huduma yenyewe, mpaka namna kituo kinavyowajibika kwa jamii inayokizunguka. Nyota tatu ndiyo ilikuwa alama ya kusema hapa pana huduma ya kukubalika.

Matokeo ya awamu ile ya 2015/16 yalikuwa ya kushika kichwa. Kama theluthi moja ya vituo nchini vilipata sifuri, na vilivyofikisha nyota tatu au zaidi vilikuwa asilimia 2 hivi. Lengo lilikuwa ifikapo 2018 asilimia 80 wawe wamefika hapo. Ilipopimwa tena 2017/18, waliofika walikuwa kama asilimia 20, na wenye sifuri walikuwa wameshuka mpaka asilimia 4 hivi. Unaweza kulia kwamba lengo limekosekana, unaweza pia kushangilia kwamba ndani ya miaka miwili sifuri zimefutika namna ile. Mimi niko na wanaoshangilia, kwa sababu niliona kwa macho vituo vilivyokuwa havina hata pa kunawia mikono vikipata maji.

Lakini hapo ndipo mtu wa sosholojia anapopata ajira. Nyota inakuambia kwamba pazia lipo. Haikuambii kama lilivutwa.

Kuna daktari mmoja aliyezaliwa Beirut mwaka 1919, Avedis Donabedian, ambaye mwaka 1966 aliandika makala iliyowafundisha watu wa fani hii kutenganisha mambo matatu: vitu vilivyopo, namna kazi inavyofanyika, na matokeo kwa mgonjwa. La kwanza linahesabika, ni vitanda, glavu na watumishi. La tatu nalo linahesabika, ingawa kwa uchungu. La katikati, lile linalotokea saa nane usiku kati ya nesi mmoja na mama mmoja, ndilo gumu kulipata. Kazi yangu iko hapo katikati.

Na si jambo dogo. Mwaka 2018 kundi la watafiti likiongozwa na Margaret Kruk lilichapisha makadirio kwenye jarida la Lancet: kila mwaka watu milioni 8.6 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hufa kwa maradhi ambayo yangetibika. Kati yao, milioni 3.6 ni wale ambao hawakuifikia huduma. Waliobaki, milioni 5, walifika. Walipokelewa, wakaandikwa kwenye daftari, na wakafa kwa sababu huduma ilikuwa mbovu. Nililisoma hilo usiku nikamwamsha mke wangu. Akasema, "Lala, mimi hilo nalijua tangu mwaka wa pili chuoni."

MLANGONI WANASEMA HIVI, NYUMBANI WANASEMA VILE

Huyo huyo Kruk na wenzake, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, walifanya kazi mkoani Tanga ambayo naitembeza kichwani kama sala. Waliwauliza akina mama waliojifungua kama walitukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao au kudhalilishwa. Walipowauliza wakiwa wanatoka hospitali, asilimia 19 walisema ndiyo. Walipowafuata baadhi yao nyumbani wiki kadhaa baadaye, wakawauliza tena, ikawa asilimia 28.

Hospitali ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali pa kuulizwa. Mlangoni mama ana kichanga mkononi, anasubiri kadi, nesi anamwona, bodaboda inamngoja. Atakwambia huduma ilikuwa nzuri, ahsante. Ukimkuta kwake, mtoto kashalala, bakuli la matobolwa limewekwa katikati, ndiyo anaanza: "Kwa kweli baba, siku ile..."

Simiyu tunafanya vivyo hivyo, na kabla hujafika kwa huyo mama una safari ya barua. Kibali cha maadili ya utafiti, kisha barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, inakwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, wa kijiji, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye kaenda mnadani na muhuri uko mfukoni mwake. Msimu wa pamba ukianza, usijisumbue kabla ya saa kumi jioni. Watu wako shambani au kwenye mizani.

Mimi ni mwanaume, kwa hiyo ndani siingii. Wanaingia wasaidizi wangu wawili, akina dada wanaoongea Kisukuma cha nyumbani, na jambo lao la kwanza ni kumtoa mama mkwe chumbani bila kumuudhi. Ni sanaa hiyo. Mmoja wao huomba kuonyeshwa mboga zilizopandwa nyuma ya nyumba, mwenzake anabaki na mzazi. Mimi nakaa nje na waume zao. Usidhani nakaa bure. Waume wanajua bei. Wanajua glavu zilinunuliwa wapi, mafuta ya pikipiki yalikuwa shilingi ngapi, nani aliombwa "hela ya sabuni". Ambacho wengi hawajui ni kilichomtokea mke mle ndani, na mara kadhaa nimemwona mwanaume wa watu akisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkewe, mbele yetu, kwamba alijifungua peke yake. Mtoto ana miezi miwili! Hamkuwahi kuongea?

Jambo jingine linalowahusu wenye wapenzi. Kliniki ya kwanza ya ujauzito, mwanaume anatakiwa afike ili mpime wote. Nia ni njema. Ila kwenye vituo kadhaa nilivyopita, mama akija na mwenzi anahudumiwa kwanza, na asiye na mwenzi anaambiwa akalete barua ya mwenyekiti. Sasa fikiria binti wa miaka 19, jamaa kaingia mitini, anakwenda kumwomba mwenyekiti barua ya kuthibitisha kwamba kaachwa. Baadhi wanaona bora wasirudi. Kwenye daftari la MTUHA huyo hasomeki kama aliyedhalilishwa. Hasomeki kabisa.

RIPOTI ILIPOFIKA MEZANI KWETU

Tulipooana tuliweka sheria: kituo cha mke wangu sikanyagi kikazi, na wilaya yake anaishughulikia mwenzangu. Bosi alijulishwa kwa maandishi. Kwa hiyo ripoti iliyoleta moto haikuwa ya kwake. Ilikuwa ya zahanati nyingine, ambayo siitaji hapa na sikuitaja hata kule. Niliiacha mezani nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa ameishika, ukurasa wenye maneno ya mama mmoja aliyeambiwa na nesi, wakati wa uchungu, neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Kwa kifupi: wakati wa kuitafuta mimba hukupiga kelele.

"Umeandika neno lote?"

"Ndiyo alivyosema."

"Na yule nesi, alikuwa zamu ya ngapi mfululizo? Alikuwa na nani? Ulimuuliza alikula saa ngapi?"

Dodoso lilitoka juu, na halikuwa na swali hilo. Nikamweleza. Akaniambia, "Nyinyi mnahesabu nyota, baba. Sisi tunahesabu glavu." Akaingia chumbani. Siku tatu alininunia. Chai nilijichemshia mwenyewe, na salamu nilikuwa napewa kwa kupitia mtoto wa jirani.

Nikubali kwamba hoja yake ilikuwa nzito. Kwa miaka mingi upungufu wa watumishi wa afya nchini umekuwa ukitajwa kukaribia nusu ya mahitaji. Zahanati yenye wauguzi wawili maana yake mmoja akienda semina, mwingine hana usiku wala mchana. Nimemwona mke wangu akirudi asubuhi miguu imevimba, amezalisha wanne kwa tochi ya simu, hajameza kitu. Lakini lile neno sikulifuta, na yeye, nimpe haki yake, hakuniomba nilifute hata siku moja. Yule mama naye alilisikia. Alilibeba mpaka nyumbani, na alikuwa ameapa kwamba mimba ijayo atabaki na mkunga wa jadi.

Tulichokubaliana siku ya nne, juu ya ugali, kilikuwa hiki: mama aandikwe alivyosema, na zamu iandikwe ilivyokuwa. Awamu iliyofuata dodoso likawa na ukurasa wa watumishi. Nilibishana wiki mbili kwenye barua pepe kulipata hilo, na hoja zangu zote nilizipata jikoni kwangu.

Kuna mfano ulionisaidia kushinda. Wilayani Korogwe kulikuwa na mradi ulioitwa Staha, uliotokana na utafiti ule wa Tanga. Walikaa pamoja wananchi na watumishi, wakaandika upya mkataba wa huduma, kisha hospitali ikaanza vitu vidogo: mapokezi ya faragha, mapazia wakati wa kumpima mama, kubandika ukutani dawa gani zimeisha ili watu wasidhani zimefichwa, na chai kwa walio zamu kwenye wodi ya wazazi. Walipolinganisha na Muheza, ambako mradi haukuwepo, udhalilishaji ulikuwa umepungua sana Korogwe. Mke wangu aliposikia habari ya chai alipiga makofi.

"NANI KASEMA?"

Sehemu ngumu kuliko zote inakuja wakati wa kurudisha matokeo. Unakaa na kamati ya kituo, unasoma. Mganga mfawidhi anasikiliza, kalamu mkononi, halafu anauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Huyu mama ni wa kitongoji gani?"

Hapo usijichanganye. Zahanati ya kijijini wiki moja inaweza kuzalisha watatu tu. Ukiandika "mzazi wa mara ya kwanza, miaka 19, alikuja kwa baiskeli usiku wa mvua", umemtaja jina. Na huyo binti mwezi ujao anarudi pale pale kumchanja mtoto, kwa nesi yule yule. Kwa hiyo umri naondoa, usafiri naondoa, kilio nakibakiza. Kwenye kikao kimoja niliambiwa na mkubwa mmoja niliandike vizuri kidogo maana wageni wako njiani. Nikamjibu mzee, majina huwezi kuyapata, na sentensi haitoki. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi miwili. Usiku ule sikulala, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inaisha mwezi huo huo, na benki huwa haimkopeshi mtu wa mkataba kwa kumhurumia.

Mkataba uliongezwa. Kwenye ile zahanati, kamati ilinunua mapazia. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo hawakuhitaji kusubiri halmashauri. Mtumishi wa pili wa usiku hawakumpata. Sanduku la maoni lilifunguliwa kwa bisibisi, maana ufunguo aliondoka nao mtu aliyehamishwa. Ndani mlikuwa na karatasi mbili na nyigu.

Wadogo zangu wanaotaka fani hii huniuliza kuna hela? Kuna miezi ya hela na kuna miezi ya michembe. Kinachotakiwa ni takwimu za kutosha usidanganywe na jedwali, lugha ya watu, na masikio. Na mwenza anayeelewa kwamba Jumapili unaweza kuwa Mwanhuzi huna mtandao.

Kwa upande wa takwimu za nchi, mambo yamekwenda mbele. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Waliojifungulia kwenye vituo walitoka asilimia 63 wakafika 81. Maana yake akina mama wengi zaidi sasa wanapita mikononi mwa watu kama mke wangu, na maneno wanayoambiwa yanawafikia wengi zaidi.

Naye sasa ana ujauzito wa miezi saba. Juzi nilimuuliza atajifungulia wapi. Kituoni kwake hataki, hataki kupiga kelele mbele ya wenzake. Nikamtajia kimoja cha nyota tatu, majengo mapya, vigae mpaka chooni. Akatikisa kichwa. Akataja kingine, cha nyota mbili, barabara mbaya, umeme wa kubahatisha.

"Kwa nini pale?"

"Yule dada wa zamu ya usiku. Nilisoma naye. Anamshika mtu mkono."

Nimeshaongea na dereva wa bajaji. Namba yake nimeibandika kwenye mlango wa friji.